Depite wetu anafanya kazi gani Kinshasa?

Kikao cha kwanza cha bunge la taifa kinafungwa tarehe 15 mwezi wa sita. Kikao cha pili kinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tisa. Miezi mitatu ya katikati inaitwa likizo ya bunge, na watu wengi hapa Fizi na Baraka wanafikiri ni wakati depite anapumzika. Sivyo. Likizo hiyo ni sehemu ya kazi yake: anapashwa kurudi kwa watu waliomchagua, kuwasikiliza, kuandika ripoti na kuiweka mezani Kinshasa. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunaandika juu kuko mambo ambayo inafaa kila mchimbaji, kila mama anayetwanga mawe na kila kijana wa moto ayajue mbele depite hajapanda ndege.

Ku Misisi, ku Lulimba, ku Kilembwe, hata hapa sokoni Baraka, ukiuliza watu kama depite fulani ni mzuri, jibu linakuja kwa hesabu ya vitu. Alileta mabati ya shule. Alitoa franga za kilio. Alinunulia timu ya mpira maillot. Ao tena: "Ule? Tangu uchaguzi hatujamuona." Ni mara chache utasikia mtu anasema: depite huyu aliuliza waziri swali hili, alipinga kifungu hiki, yuko katika komisio ile.

Hatusemi kama mabati ni mabaya. Mtoto anayesoma chini ya mti anahitaji bati, tena haraka. Lakini depite akigawa mabati anafanya kazi ya mtu mwema mwenye pesa, na watu wema wako wengi. Kuko kazi moja ambayo mtu mwema hawezi kuifanya hata akiwa tajiri namna gani: kupiga kura juu ya sheria na juu ya bajeti ya nchi, na kuuliza serkali inafanya nini. Kazi hiyo tulimtuma depite. Na bati moja haiwezi kufunika shida inayotoka katika sheria mbaya.

Viti 500 na biro ya watu saba

Bunge letu lina mabaraza mawili. Baraza la taifa lina madepite 500, wanaochaguliwa na raia moja kwa moja. Seneti ina waseneta wanaochaguliwa na madepite wa majimbo: wane kwa kila jimbo, wanane kwa Kinshasa, jumla 108, pamoja na marais wa zamani waliochaguliwa. Sud-Kivu yetu ina waseneta wane. Mabaraza yote mawili yanakaa katika Palais du Peuple, lile jumba kubwa lililojengwa na Wachina wakati wa Mobutu.

Watu wanauliza: tangu uchaguzi wa 20 Desemba 2023, hao wakubwa wamefanya nini? Tujibu kwa haki. Walianza kukaa tarehe 29 Januari 2024, chini ya biro ya muda. Kazi ya kwanza haikuwa sheria. Ilikuwa kuhakikisha kama kila mmoja amechaguliwa kweli, kupanga kanuni za ndani za nyumba, kisha kuchagua biro ya kudumu. Biro hiyo ilichaguliwa tarehe 22 Mei, na Vital Kamerhe, mtu wa Sud-Kivu, akawa mkubwa wa baraza. Tarehe 12 Juni madepite wakaipa ruhusa ya kuanza kazi serkali ya Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu katika nchi yetu. Siku tatu kisha, kikao kikafungwa. Seneti ilichelewa zaidi: biro yake, chini ya Sama Lukonde, ilichaguliwa paka mwezi wa nane. Maana yake, karibu nusu mwaka ilienda kupanga nyumba. Kazi yenyewe ilianza kisha.

Biro ya baraza la taifa ina watu saba: mkubwa, wasaidizi wake wawili, raportere na msaidizi wake, kestere na msaidizi wake. Raportere anashika karatasi, kestere anashika pesa za nyumba. Watu wa shimo wataelewa haraka, juu hata kwetu ekipi inakuwa na mkubwa, mwenye kuandika na mwenye kushika mfuko. Tofauti ni kwamba kwetu mfuko ni mdogo, na kila jioni watu wote wanauhesabu pamoja.

Fizi si mgeni katika jumba hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Anzuluni Bembe, mtoto wa huku, alikuwa mkubwa wa bunge la Zaire. Wazee bado wanamukumbuka. Lakini kuwa na mtu juu si sawa na kuwa na barabara. RN5 inayotoka Uvira, inapita Baraka na Fizi kwenda Kalemie, mpaka leo mvua ikinyesha gari linalala njiani. Hiyo ni somo: haitoshi kuwa na wa kwetu kwenye kiti, inafaa kujua anapashwa kufanya nini akiwa juu yake.

Kazi ambayo televizyo haionyeshi

Kile tunachoona kwa televizyo ni mkutano mkubwa, ule wanaouita pleniere. Watu wanasimama, wanaongea kwa sauti, wengine wanapiga makofi, wengine wanapiga meza. Lakini pleniere ni mwisho wa njia. Kazi ngumu inafanyika katika komisio.

Kuko komisio ya siasa, utawala na sheria, wanaiita PAJ. Kuko ya uchumi na pesa, ECOFIN. Kuko ya ulinzi na usalama. Kuko inayoshika mazingira na mali ya asili, na ndimo mambo ya madini yanapita. Katika komisio wanakaa watu wachache, wanasoma sheria kifungu kwa kifungu, wanaita waziri, wanaita wataalamu, wanaweza kusikiliza hata koperative na sendika. Hakuna makofi kule. Kuko karatasi, kalamu na usingizi wa saa nane.

Lakini kule njo neno moja linageuza maisha ya kijiji. Sheria ikisema kampuni "inapashwa" kutoa kitu kwa wenyeji, hiyo ni deni, unaweza kulidai. Ikisema "inaweza" kutoa, hiyo ni zawadi, utangoja mpaka nywele ziwe nyeupe. Herufi chache tu, lakini katikati yake kuko kisima, kuko dispansari, kuko daraja. Depite asiyeenda katika komisio, hata akiongea vizuri namna gani kwenye redio, anafika wakati chakula kimekwisha kupakuliwa.

Tena kuko hesabu ya kuwapo. Baraza haliwezi kukaa kihalali kama zaidi ya nusu ya watu wake hawapo, maana yake madepite 251 hata kidogo. Na katiba inasema depite anayekosa zaidi ya robo ya mikutano ya kikao kimoja, bila ruhusa na bila sababu, anapoteza kiti chake. Kwetu, mtu akikosa shimoni siku mingi bila kusema kitu, ekipi inamutoa na nafasi yake inapewa mwingine. Depite naye kipimo chake kimeandikwa. Sisi tu hatumuulizi.

Safari ya sheria moja

Tuchukue sheria ambayo inatugusa kuliko zote: Code minier. Ya kwanza ya wakati huu ni ya 11 Julai 2002. Iliandikwa wakati nchi ilikuwa katika vita, na ilitaka kuita wenye pesa waje. Kisha miaka, watu waliona kama nchi inapata kidogo, na kampuni zinapata mingi. Serkali ikapeleka mradi wa kuigeuza katika bunge mwaka 2015, ukarudishwa nyuma, ukaja tena mwaka 2017. Baraza la taifa likaupigia kura mwezi wa kumi na mbili 2017, Seneti mwezi wa kwanza 2018. Wakubwa wa kampuni kubwa za dunia wakasafiri mpaka Kinshasa kumuona rais Kabila, juu walitaka mambo fulani yabadilishwe. Tarehe 9 Machi 2018, rais akaweka sahihi.

Angalia njia yenyewe. Sheria inaweza kutoka kwa serkali, ao kwa depite mmoja, ao kwa seneta mmoja. Ikitoka kwa depite, serkali inapewa siku 15 kusema maoni yake. Ikinyamaza, kazi inaendelea. Sheria inajadiliwa kwanza kwa jumla, inaenda katika komisio, inarudi katika pleniere, inapigiwa kura kifungu kwa kifungu, halafu inaenda katika baraza lingine na kufanya safari ile ile. Kama mabaraza mawili hayapatani, wanaunda komisio ya pamoja, nusu madepite, nusu waseneta. Wakishindwa kabisa kupatana, neno la mwisho ni la baraza la taifa. Kisha rais ana siku 15 za kuweka sahihi ao kuomba waitazame tena. Mwisho inachapwa katika Journal officiel, na siku 30 kisha inaanza kazi, isipokuwa yenyewe imesema namna ingine.

Katika njia hiyo yote, kuko milango mingi ambamo sauti ya Misisi inaweza kuingia. Wenye kampuni wanaijua milango yote, na wana watu wa kulipwa wa kusimama kwenye kila mmoja. Sisi tunakuja kupiga hodi wakati nyumba imekwisha kufungwa.

Na sheria hiyo imeleta nini? Kodi juu ya dhahabu inayolipwa na mwenye ruhusa ya kuchimba, ile inayoitwa redevance, ilitoka 2,5% ikapanda 3,5%. Kwa madini ambayo serkali imeyaita ya maana sana, kama cobalt na coltan, ni 10%. Pesa hiyo inagawanywa hivi: ikiwa dola 100, dola 50 zinaenda kwa serkali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chini ambamo machimbo iko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Eneo la chini maana yake ni sekta, shefferie, komini ao mji. Teritware haimo. Kwa hiyo ku Fizi, wanaohusika ni sekta zetu ine, Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, na mji wa Baraka. Tena kampuni inapashwa kuweka 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sheria inasema "inapashwa". Neno hilo lilipiganiwa katika meza ya komisio, si katika mkutano wa uchaguzi.

Lakini Code hiyo hiyo ina kitu kinachotuumiza. Mchimbaji wa mkono anapashwa kuwa Mkongomani mtu mzima, awe na karte, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa, na achimbe katika eneo lililotengwa kwa wachimbaji wa mkono, wanaliita ZEA. Hiyo ni sawa. Shida iko hapa: eneo ambalo tayari lina ruhusa ya kampuni haliwezi kufanywa ZEA. Na katika sehemu za dhahabu za Fizi, ramani ya Kinshasa imejaa miraba ya kampuni, hata pale ambapo hakuna kampuni inayochimba, paka karatasi. Kijana aliyezaliwa pale, baba yake alichimba pale, anaamka asubuhi akiwa mvunja sheria bila kutoka katika kijiji chake.

Mwezi wa saba 2024, gavana wa Sud-Kivu alisimamisha shughuli za kuchimba madini katika jimbo, akisema kuna vurugu katika sekta. Watu wakatuuliza swali moja: "Banatuambia tutoke, tutaenda wapi?" Amri ya gavana inaweza kuja na kuondoka. Lakini jibu la kudumu la swali hilo haliko Bukavu. Liko katika vifungu vya Code juu ya ZEA, na vifungu hivyo vinaweza kuguswa paka na wale 500 na wale 108.

Mali bila daftari

Kikao cha mwezi wa tatu ni cha mambo mbalimbali. Kikao cha mwezi wa tisa ni cha bajeti. Katiba inaagiza serkali iweke mradi wa bajeti mezani pa baraza la taifa si zaidi ya tarehe 15 Septemba. Mpaka 15 Desemba, madepite na waseneta wanapashwa kuusoma, kuugeuza na kuupigia kura. Pamoja nao kuko kitabu kingine ambacho watu wanakisahau: hesabu ya mwaka uliopita, namna pesa zilivyotumiwa kweli. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bajeti ni daftari la nchi.

Kwa nini mchimbaji wa Ngandja ajali kitabu cha hesabu cha Kinshasa? Juu maisha yake iko ndani. Tarehe 11 Septemba 2020, ku Kamituga, jirani zetu wa Mwenga, mvua kali ilijaza mashimo ya dhahabu, na karibu watu 50 walikufa ndani. Nchi nzima ililia. Kuko huduma ya serkali iliyoundwa kwa kusaidia na kufundisha wachimbaji wa mkono, SAEMAPE. Kuko wakaguzi wa madini. Lakini mkaguzi bila moto, bila mafuta na bila mshahara hawezi kufika kwenye shimo na kusema: hapa pameanza kupasuka, tokeni. Moto ya mkaguzi ni mstari mmoja katika bajeti. Kuko depite aliyepiga kura juu ya mstari huo, ao aliyeuacha upite bila kuusoma.

Ndivyo ilivyo hata kwa barabara, kwa mwalimu asiye kwenye orodha ya mishahara, kwa daraja linalobebwa na maji. Tunaongea kila siku juu ya mambo haya kwenye meza ya chai. Kinshasa yanaongewa mara moja kwa mwaka, kati ya Septemba na Desemba, katika komisio ya ECOFIN. Inafaa tuongee nao kwa wakati ule ule.

Kuuliza serkali

Kazi ya tatu ni kuchunga serkali. Katiba inapa madepite na waseneta vyombo vitano: swali la mdomo ao la kuandikwa, swali juu ya jambo la siku, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, komisio ya uchunguzi, na kusikiliza watu katika komisio. Swali linaweza kuishia kwa majibu tu. Lakini waziri akiitwa ajieleze na majibu yakikosa kutosha, inaweza kuzaa kura ya kumuangusha. Kama kura ni juu ya serkali nzima, waziri mkuu anaondoka na watu wake. Sote tuliona mwezi wa kwanza 2021: madepite 367 walipiga kura dhidi ya serkali ya Ilunga Ilunkamba, ikaanguka. Hata mkubwa wa baraza anaweza kuondolewa. Jeanine Mabunda aliondolewa tarehe 10 Desemba 2020, kwa kura 281 dhidi ya 200.

Hizo zilikuwa vita za wakubwa, na mchimbaji aliziangalia kama mpira. Mfano unaotugusa zaidi ni wa zamani kidogo. Wakati wa bunge la mpito, komisio moja chini ya depite Christophe Lutundula ilichunguza mikataba ya madini na ya mali zingine iliyowekwa sahihi wakati wa vita, kati ya 1996 na 2003. Walitoa ripoti yao mwaka 2005. Walionyesha mikataba ambamo nchi ilitoa mingi na kupata karibu bule, na wakaomba mingine ivunjwe, mingine irudiwe. Mambo haikutengenezwa yote. Lakini tangu ripoti ile, hakuna mtu anaweza kusema hatukujua. Watu wachache, na karatasi, walifanya kitu ambacho bunduki haikufanya.

Kwa hiyo tunasema kwa madepite wetu: hatungoji muangushe serkali. Tunaomba swali moja la kuandikwa. Waziri wa madini aandike kwa barua: ku Fizi kuko ruhusa ngapi za kampuni, zinaisha lini, ni zipi ambazo hazifanyi kazi, na ZEA ngapi zimefunguliwa. Swali kama hilo halihitaji mamilioni. Linahitaji karatasi moja na sahihi.

Siku 60 za Kiswahili

Sasa tuseme neno ambalo linatuchoma kuliko yote. Kifungu cha 142 cha katiba kinasema, kisha rais kuweka sahihi kwenye sheria, serkali inapashwa kuieneza katika Kifaransa na katika kila mmoja wa lugha ine za taifa, ndani ya siku 60. Lugha ine ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Haikuandikwa "inaweza".

Code minier ilipata sahihi tarehe 9 Machi 2018. Siku 60 ziliisha mwezi wa tano wa mwaka ule ule. Katika machimbo ambamo sisi tunapita, mtu mwenye Code mkononi ni mwenye Code ya Kifaransa, na mara nyingi mtu huyo ni yule anayekuja kudai pesa. Anafungua ukurasa, anaonyesha na kidole, anasema "sheria inasema". Mchimbaji hawezi kusoma, ao anasoma lakini Kifaransa cha sheria kinamushinda. Analipa. Kesho anakuja mwingine na karatasi ingine, analipa tena. Kama kitabu kile kingekuwa katika Kiswahili, mtoto wa darasa la sita angemusomea baba yake, na wadai wengi wangekosa kazi.

Hatuombi msaada. Tunaomba sheria ifuate sheria. Na kuko komisio katika baraza la taifa ambayo kazi yake ni kufuata kama sheria zilizopigiwa kura zinatumika. Depite wa Fizi akiuliza paka swali hilo moja, kwa nini sheria hazitufikii katika Kiswahili, atakuwa amesaidia watu kutoka Aru mpaka Kasenga.

Mbele ya tarehe 15

Sendika yetu inatembea na daftari siku hizi, na inaomba kila koperative, kila chama cha mama wanaotwanga, kila likelemba ifanye hivyo. Mambo ya kufanya ni matatu.

La kwanza, kila depite wa Fizi akipita, mumukaribishe vizuri, mumupe maji na kiti, halafu mumuulize mbele ya watu: Onorable, uko katika komisio gani? Katika kikao kilichopita uliuliza swali gani, kwa waziri gani? Ripoti yako ya likizo utaandika nini ndani? Mumuulize kwa heshima. Mtu aliyefanya kazi atafurahi kuulizwa, juu atapata nafasi ya kusema. Na majibu yaandikwe, pamoja na tarehe.

La pili, mumupe karatasi, si masemi tu. Masemi inabaki ku Baraka. Karatasi inapanda ndege. Shida tatu zinatosha, na kila mmoja na mahali pake: ZEA wapi, daraja gani, mkaguzi anakosa nini. Ukimuandikia shida 40, hatabeba hata moja. Kama depite mwenyewe hakufika, karatasi iende kwa wote wa Fizi, pamoja na waseneta wane wa jimbo.

La tatu, kuko mlango ambao haupiti hata kwa depite. Kifungu cha 27 cha katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serkali, na mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena kinasema mtu hawezi kusumbuliwa juu ya kupeleka ombi hilo. Muandike barua, muweke majina na sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole. Mufanye kopi mbili. Moja inabaki kwa aliyeipokea, ingine inarudi na muhuri na tarehe. Bila muhuri, barua haijafika.

Sisi tumekwisha kuandika yetu, juu ya ZEA na juu ya Code katika Kiswahili. Inazunguka sasa katika machimbo kupata sahihi, na itapokelewa kwa muhuri mbele kikao hakijafunguliwa. Miezi mitatu kisha Septemba inatupeleka Desemba, wakati bajeti inapigiwa kura. Mwenye kutaka kuweka sahihi yake atafute mwakilishi wa sendika katika chimbo lake. Aje na karte ya mpiga kura, juu namba yake itaandikwa pembeni ya jina.